Kitufe cha Hifadhi: Kuhamia Linux tukiwa Rumonge

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki vitabu na nyimbo. Leo naomba nihakiki mashini. Msinicheke kwanza. Kompyuta nayo ni maandishi. Imejaa maneno yaliyochaguliwa na mtu fulani, na sisi tunayasoma mchana kutwa bila kuuliza aliyachagua nani, wala alikuwa anamwandikia nani.

Mambo yalianza na fleshi. Nafanya kazi kwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi hapa Rumonge, si mbali na soko. Watu wanakuja na fleshi zao, unachomeka, unachapa, unachomoa. Si mnajua, kila fleshi inakuja na ugonjwa wake. Mwaka jana yangu mwenyewe iliambukizwa. Ndani yake nilikuwa na insha tisa za jarida hili na sauti ya marehemu shangazi yangu, dakika 47, akisimulia walivyovuka ziwa mwaka 1996 kutoka Fizi kwenda Kigoma, mpaka wakafika kambi ya Nyarugusu. Shangazi alikuwa amefariki miezi minne kabla. Nikafungua fleshi, nikakuta njia za mkato tupu. Ukibonyeza, hakuna kinachofunguka. Mwenzangu mmoja akaniambia, "Yaya, fomati tu. Hizo zimekwenda." Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe.

Jirani yetu, kijana Mrundi ambaye wazazi wake walirudi kutoka makazi ya Mishamo, Tanzania, akanizuia. "Ngoja kaka, usifute." Alikuwa na fleshi yake ndogo nyekundu. Akaizima mashini yangu, akaiwasha tena kutokea kwenye ile fleshi, bila kusakinisha chochote. Kioo kikaja kingine kabisa. Halafu akachomeka fleshi yangu, na mafaili yote yakaonekana. Kumbe virusi vile havikufuta kitu. Vilikuwa vimeyaficha mafaili na kuweka njia za mkato za uongo mbele yake. Ile alama ya kuficha ni ya Windows. Linux haiitii, kwa hiyo ikayaonyesha yote. Nikabonyeza, shangazi akaanza kuongea, na nyuma yake kuku wa mama mwenye nyumba wanasikika.

Siku ile niliamua kuhama. Neno hilo nalijua uzito wake. Januari 2018, vita vilipowaka Fizi, maelfu yetu tulivuka ziwa hili kwa mitumbwi tukatua huku ng'ambo. Wengi wakapelekwa kambini, mimi nikabaki mjini kwa ndugu. Mtu aliyehama hivyo hapendi kuhama tena, hata kama ni kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine. Unakuwa umeshazoea mahali chumvi inapokaa.

Lakini wengi wenu mtalazimika kufikiria jambo hili. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Mashini nyingi tunazonunua huku ni zile zilizotumika Ulaya miaka kumi iliyopita, na hizo haziingii kwenye sharti hilo. Kompyuta bado inawaka, kioo kizima, klaviye nzima, ila mlinzi wa getini ameondoka. Kwa sisi tunaopokea fleshi za watu hamsini kwa siku, hilo si dogo.

Sasa turudi kwenye uhakiki. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo ambao kila mtu angekuwa na ruhusa ya kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini cha mfumo kilichoitwa Linux. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaleta Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya kazi hizo, wenye jina la Kiafrika. Kwa miaka kadhaa, mpaka 2011, waliituma hata kwa posta: unaomba, unaletewa diski bila kulipa senti.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia kusoma vizuri kuliko Kiingereza. Kiingereza kina neno moja tu, na Stallman amekuwa akilifafanua miaka yote: je, ni kitu cha uhuru, au ni kitu kisicho na bei? Sisi tuna maneno mawili, huru na bure, na hayachanganyiki. Tena bure ina uchungu wake. Kwenda bure ni kurudi mikono mitupu. Mtu akikwambia "wewe bure kabisa" hakusifu. Majirani zetu Warundi wamekwenda njia nyingine. Kwao ubuntu ni utu na ukarimu, na wakitaka kusema kitu kimetolewa bila malipo wanasema ku buntu. Neno moja linabeba utu na kisicho na bei, na halina aibu ndani yake.

Mkimbizi anaijua tofauti hiyo mwilini. Kitu cha bure tumepewa mara nyingi: blanketi, sufuria, unga. Tunashukuru. Lakini kitu cha bure kina foleni, kina kadi, na aliyekupa anaweza kukuambia mwezi ujao hakipo. Kitu kilicho huru ni kingine. Hapa kibandani nimenakili programu za kuibia miaka mingi, na kila nilipofanya hivyo nilijua naiba. Nilipomnakilia mteja Linux, nikasoma leseni mara mbili nikitafuta mtego. Hakuna. Kunakili ndiko walikotaka. Nilishusha pumzi, nawaambieni ukweli.

Basi nikaanza kusakinisha. Ubuntu yenyewe ilikuwa nzito kwa mashini yangu ya ramu giga 4. Ilihema kama mzee anayepanda mlima. Nikachukua Linux Mint ya Xfce, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu lakini inatembea mwepesi. Faili lake ni karibu giga 3. Kwa bei ya mega zetu sikulipakua mimi. Rafiki alilipakua Bujumbura akanitumia kwenye fleshi, na mtu wa basi.

Mwanzoni inakuuliza: uko wapi? Orodha haina Rumonge, ina Bujumbura. Nikachagua. Saa ikawa sawasawa, na sawasawa pia na ya Baraka kule nilikozaliwa, maana pande hizi mbili za ziwa zinatumia saa moja. Kigoma ndiyo iko mbele kwa saa nzima. Halafu ikaja lugha na nchi. Kiswahili kipo: Kiswahili cha Kenya, Kiswahili cha Tanzania. Basi. Kwenye klaviye ni vilevile, Kiswahili ni cha Kenya au cha Tanzania. Kongo nayo imo, lakini klaviye yake imeandikwa kuwa ni ya Kifaransa. Yaani mashini ilikubali kwamba niko Bujumbura, lakini haikukubali kwamba Bujumbura kuna mtu anayeongea Kiswahili. Nikachagua Tanzania, kama nilivyowahi kuandika mambo mengine kwenye fomu ili zipite.

Tusome sasa maneno yenyewe. Neno ninalolipenda kuliko yote ni kitufe cha kuhifadhi. Mtafsiri aliyeandika "Hifadhi" hakuwa anatufikiria sisi. Alitaka neno la kuweka faili lisipotee. Lakini katika barua zote tunazochapa hapa kibandani, hifadhi ni kile tunachokiomba. Mwomba hifadhi ni mimi. Nikimaliza ukurasa nabonyeza Hifadhi, na ukurasa unakaa salama bila mahojiano. Mama mmoja aliyekuja kuchapa rufaa yake alisoma neno hilo kwenye kioo akauliza, "Hapo ukibonyeza, wanajibu?" Nikacheka, kisha nikanyamaza.

Kupakia na kupakua pia ni maneno yaliyokaa vizuri. Watu wa bandarini hawahitaji kufundishwa. Unapakia mawese kwenye boti, unapakua dagaa, nasi huku tunasema ndagala. Aliyechagua maneno hayo alikuwa na sikio. Nilimweleza mvuvi mmoja tofauti ya hayo mawili kwa dakika moja tu, akaelewa kuliko wanafunzi wengi.

Lakini baada ya sifa, lawama. Kiswahili cha mfumo huu kimeishia mlangoni. Unafungua menyu ya kwanza, Kiswahili. Unaingia ndani kidogo, mstari mmoja Kiswahili, wa pili Kiingereza. Ukifika kwenye onyo, yaani pale hasa ambapo mtu anahitaji kuelewa kabla hajapoteza kitu, ni Kiingereza kitupu. Ni kama mwenyeji anayekukaribisha kwa lugha yako barazani, halafu habari za moto na za mlango wa nyuma anakupa kwa lugha nyingine. Mimi ningetaka kinyume: onyo kwanza litafsiriwe, mapambo yafuate.

Na hata Kiswahili kilichopo ni cha Dar es Salaam na Nairobi. Sisi watu wa pande hizi, tuliosomea Kifaransa, tunasema klaviye, suri, fishiye, modipasi. Nikimwambia mwanafunzi wangu "andika nywila yako", ananiangalia kana kwamba nimemwambia anyoe. Sisemi nywila ni neno baya. Nasema limefika bila kupiga hodi. Kitabu kizuri cha Kiswahili kinaweza kutumia neno la Pemba na msomaji wa Uvira akalielewa kwa sababu sentensi inamsaidia. Kitufe hakina sentensi. Neno liko peke yake, na msomaji yuko peke yake.

Tusiwe watovu wa shukrani. Kabla yetu watu walifanya kazi kubwa. Mradi wa Kilinux, uliowakutanisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Hebu fikirini maelfu ya maneno ambayo hakuna aliyekuwa amewahi kuyahitaji: safu, ukingo, aya, kiolezo. Lakini programu haikai kama kitabu kilichochapwa. Kila mwaka inakuja na menyu mpya. Mwaka 2010 kundi kubwa lilijitenga na OpenOffice likaanzisha LibreOffice, ambayo ndiyo ninayoitumia kuandika haya. Tafsiri ni kama paa la nyasi. Usipolirudia kila baada ya masika, linavuja, hata kama fundi wa kwanza alikuwa hodari.

Sasa wale wanaotaka kujua kitu gani kinafaa, nitawaambia niliyoyapima kwa kazi.

LibreOffice inatosha kwa barua, maombi na hesabu za duka. Scribus ndiyo iliyopanga kurasa za jarida hili mara mbili sasa; ni ngumu wiki ya kwanza, halafu inatii. GIMP inapunguza picha za pasi. Audacity niliitumia kusafisha sauti ya shangazi. Upepo wa ziwa umepungua, kuku nimewaacha. VLC inacheza kila kitu unachokichomeka. Na kama mtachukua moja tu, chukueni Kiwix. Inaweka Wikipedia nzima ndani ya mashini na kuisoma bila mtandao. Ile ya Kiingereza yenye picha inazidi giga 100, lakini ya Kiswahili ni ndogo, inaingia kwenye fleshi ya kawaida, na ina maelfu ya makala. Makala nyingi ni fupi mno, hilo ni kweli. Lakini umeme ukiwepo na mtandao usipokuwepo, mtoto anasoma. Nimetuma nakala kwa wenzetu wa kambi ya Kavumu, na kutuma huko kuliruhusiwa na waliotengeneza.

Mabaya nayo nayasema. Mashini yangu haikuiona Wi-Fi siku ya kwanza, na dereva wa Wi-Fi, mfumo ukaniambia, unapatikana kwenye mtandao! Ni sawa na kuambiwa ufunguo uko ndani ya nyumba iliyofungwa. Nilichomeka simu kwa waya, nikapita hapo. Printa ya zamani ya kibandani ilikataa kabisa, na mpaka leo natumia mashini nyingine kuchapa. Na kuna siku nilifungua fomu ya mteja iliyoandikwa kwa Word, mistari ikasogea, sahihi ikahamia ukurasa wa pili. Ofisi ikamrudisha. Kosa lilikuwa langu, sikukagua kabla ya kuchapa. Nilimlipia safari ya pili. Tangu siku hiyo kitu cha kupeleka ofisini nakigeuza PDF kwanza, nakiangalia kwa macho mawili, ndipo nachapa.

Mzee wetu mmoja, anayesoma kila toleo la jarida hili na kuliandikia makosa pembeni kwa kalamu nyekundu, alinipinga kwa jambo zito zaidi. Akasema, "Mwanangu, maneno yako matamu. Lakini tangazo la kazi linasema Word na Excel. Watoto hawa ni wakimbizi tayari. Unataka wawe wakimbizi na kwenye kompyuta pia?"

Sikupata jibu siku hiyo. Nimelifikiria. Mzee ana haki kwa sehemu kubwa. Anayefundisha vijana asiwafungie upande mmoja kwa ajili ya mapenzi yake. Darasani sasa nawaonyesha yote mawili, na nawaambia wazi ni lipi linaulizwa kwenye usaili. Lakini naona pia kwamba aliyejua sababu ya kitu kuitwa ukingo au safu hapotei akihamia programu nyingine. Anayepotea ni yule aliyekariri mahali pa kubonyeza. Sisi tuliovuka ziwa tunalijua hilo: aliyejua kulima alilima na huku, ingawa udongo ni mwingine na mchikichi umepandwa kwa mistari.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike. Nikiandika "ndagala" kwenye LibreOffice yenye kamusi ya Kiswahili cha Tanzania, inapiga mstari mwekundu. Mukeke, mstari. Rumonge, mstari. Jina la shangazi, mstari. Mwanzoni niliudhika. Ukurasa wa simulizi yake ulikuwa mwekundu kama kijiji kizima kimekosea. Halafu nikagundua kwamba ukibonyeza kulia unaweza kuliongeza neno kwenye kamusi yako, na kamusi hiyo ni faili dogo la maandishi, linafunguka, linasomeka, linanakilika. Neno baada ya neno, yangu imefika maneno 214. Majina ya samaki yamo, majina ya mitaa, na yale maneno yetu yaliyotoka kwenye Kifaransa na Kirundi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii wenyeji wametuambia kwa utani mara nyingi, na sisi tumecheka, wakati mwingine kwa shida. Kwenye mfumo huu jembe liko wazi mlangoni. Tafsiri za Linux Mint zinafanywa na watu wa kujitolea kwenye tovuti ya Launchpad, na za LibreOffice kwenye Weblate. Hawaulizi kadi ya ukimbizi wala cheti cha shule. Wanauliza neno. Nilianza na maonyo kumi, yale ya kabla ya kufuta. Mawili sikuweza kuyaandika kwa Kiswahili ambacho mama yule wa rufaa angekielewa, nikayaacha wazi. Nitamsomea kwa sauti akija tena, nisikie atakavyoyasema yeye.

Faili la maneno 214 liko hapa kibandani. Anayelitaka aje na fleshi yake. Nitaipima virusi kwanza. Na akiwa na neno ambalo halimo, jina la nyavu, la mtaa, la mtu wake aliyebaki ng'ambo, tutaliandika pamoja, tubonyeze Hifadhi.